Misiba Thelathini na Nane

Kila siku ya kazi, saa moja asubuhi, kiwanda cha Wanzagi na Wanawe kilianza kunuka. Tusifichane, kilinuka vibaya. Mashudu ya pamba, unga wa dagaa na unga wa muhogo vikikutana na mvuke, abiria wa barabara ya Mwanza hufunga dirisha. Lakini kwa Enos Wanzagi ile ilikuwa harufu ya ada za watoto, na mwenye ada za kulipa hachagui harufu.

Kiwanda kilikuwa Bunda, nje kidogo ya mji. Kilitengeneza chakula cha samaki. Wateja wake walikuwa wafugaji wa sato, wale wanaofuga samaki ndani ya nyavu kubwa ziwani. Nyavu hizo huitwa vizimba. Kampuni ilisajiliwa na mzee Wanzagi mwenyewe. Baada ya mzee kufariki, waliobaki kuiendesha walikuwa wanawe wawili. Gabriel, mkubwa, alikuwa mkurugenzi na muuzaji. Enos, mdogo, aliendesha mashine na kuandika daftari la matumizi.

Chakula chao kilikuwa na tatizo moja. Kilizama.

"Chakula chenu samaki wanakipenda," alisema Bernado, mfugaji wa Musoma aliyekuwa mteja wao mkubwa. "Ila kinakimbilia chini kama kina deni juu. Nikimwaga ndoo moja, nusu inaliwa, nusu inalisha tope. Kile cha kutoka nje ya nchi kinaelea, samaki wanakimaliza chote. Nitawavumilia mpaka lini, jamani?"

Mzee Wanzagi alilijua tatizo hilo. Mwaka mmoja kabla ya kufa alinunua mashine ya kupika punje kwa mvuke. Muhogo ukiiva vizuri ndani ya mashine ile, punje huvimba, huingiwa na hewa, na huelea. Ndivyo fundi aliyeiuza alivyosema. Hakusema muhogo uwe kiasi gani, wala moto uwe mkali kiasi gani. Hayo mtu huyatafuta mwenyewe kwa kujaribu.

Enos alijaribu. Punje zilitoka ngumu kama kokoto. Akapunguza moto, zikatoka laini kama uji. Akaongeza mashudu, zikaelea, lakini sato wakadumaa, kwa sababu mashudu ya pamba yakizidi huwadhuru samaki. Kila jaribio lilikula magunia, umeme na siku nzima ya kazi.

Siku ya Jumatatu, mwezi wa tano, Gabriel aliingia kiwandani na habari.

"Nimepata mnunuzi wa ile mashine ya mvuke," alisema. "Anatoka Mwanza. Anakuja Jumamosi."

Enos alikuwa amebeba gunia begani. Akaliteremsha taratibu.

"Kaka, nipe msimu mmoja. Nimekaribia."

"Umekaribia tangu mwaka juzi, Enos. Mashine ya baba inakula tu. Mwaka jana tulilipa kodi kubwa, na mfukoni hamna kitu. Nashindwa kuelewa! Kodi inasema tuna faida. Hiyo faida anayo nani?"

Enos aliliinua tena gunia begani. Alikuwa anajua ilikokwenda.

"Keshokutwa tunaenda Musoma kwa Mama Luhende," Gabriel akaendelea. "Hesabu za mwaka uliopita zinatakiwa mamlaka ya kodi kabla ya mwezi wa sita kuisha. Akisema kampuni inaweza kubeba hayo majaribio yako, nitampigia mtu wa Mwanza asije. Akisema haiwezi, mashine inaondoka. Na wewe usininunie."

*

Mary Luhende, ambaye Musoma nzima humwita Mama Luhende, alikuwa mshauri wa kodi. Alianza maisha kwa kukaanga samaki stendi. Alifilisika mara mbili kabla ya kwenda kusomea hesabu akiwa na watoto watatu. Ndiyo maana alipenda kutania, na ndiyo maana hakutania kuhusu hesabu.

Siku ile, hata hivyo, aliwapokea kwa sura nzito. Alisimama, akawapa mikono yote miwili.

"Wanangu, poleni. Poleni sana."

"Asante, mama," alisema Gabriel. "Mzee ametuacha mwaka sasa."

"Sio mzee peke yake. Nimepitia daftari lenu." Akavaa miwani. "Misiba thelathini na nane kwa mwaka mmoja! Nyasura, misiba minne. Kabarimu, mitano. Balili, Guta, Manyamanyama. Kuna wiki mmezika mara tatu. Nikajiuliza, hawa watoto wa Wanzagi wanauza chakula cha samaki au majeneza?"

Gabriel alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Thelathini na nane?"

"Rambirambi, magunia ya unga, usafiri. Jumla karibu milioni kumi."

Gabriel alimgeukia mdogo wake. Hakuwa amelisoma lile daftari. Tangu mzee afe alikuwa anatia sahihi tu, na ukurasa ulioandikwa msiba aliupita haraka, kwa heshima. Pale kwetu hakuna anayemhoji mwenzake kwa nini alichangia msiba. Enos aliijua vizuri heshima hiyo, na ndani yake alikuwa amejificha.

"Sasa nisikilizeni," alisema Mama Luhende. "Kampuni hailipi kodi kwenye kila shilingi inayoingia. Inalipa kwenye faida. Unachukua mauzo, unatoa gharama za biashara, yaani malighafi, mishahara, umeme. Kinachobaki ndiyo faida. Katika kila shilingi mia ya faida, thelathini ni za serikali. Mpaka hapo tuko pamoja?"

"Tuko pamoja."

"Rambirambi ni utu. Lakini sio gharama ya biashara. Sheria haiitambui. Kwa hiyo hizi milioni kumi nazirudisha kwenye faida, na mtazilipia kodi milioni tatu. Hela mlishaitoa, na bado mnailipia kodi kama vile mnayo. Na daftari la mwaka juzi lilikuwaga hivihivi."

"Ndiyo maana mfukoni hamna kitu," Gabriel alisema polepole.

"Ndiyo maana. Sasa nataka kuuliza jambo moja. Bernado ni jirani yangu. Ameniambia mnahangaika kutengeneza punje zinazoelea. Hayo majaribio yako wapi? Daftari zima nimelipekua, sikuona hata jaribio moja."

Gabriel alimtazama tena mdogo wake.

"Nauliza kwa sababu lina maana kubwa," aliendelea. "Fedha ambayo kampuni inatumia kutafiti, kuboresha bidhaa yake au njia yake ya kutengeneza, sheria inairuhusu itolewe kabla ya kodi. Hata jaribio likishindwa. Kama milioni kumi hizi zingekuwa za majaribio, faida yenu ingepungua milioni kumi na kodi ingepungua milioni tatu. Kampuni yenye majaribio inaweza kuendelea. Kampuni yenye misiba thelathini na nane, mimi nitaishauri iuze mashine."

Enos aliangalia mikono yake. Kwenye kucha kulikuwa na unga wa dagaa ambao sabuni ilishindwa kuutoa. Akinyamaza, mashine inaondoka Jumamosi. Akisema, kaka yake atajua alichokuwa anakipita kwa heshima muda wote ule.

"Hakuna aliyekufa Nyasura," alisema.

"Unasemaje?" aliuliza Gabriel.

"Wala Kabarimu. Wala Guta. Ni majaribio, kaka. Kila jaribio lililoharibika niliandika msiba. Magunia ya unga yalikuwa ni unga wa muhogo. Usafiri ulikuwa wa kupeleka mzigo ulioharibika kwa mama, Buswahili. Nguruwe wamekula."

Mama Luhende alivua miwani. Siku nyingine angesema kwamba basi waliofiwa walikuwa nguruwe. Siku hiyo alimeza utani wake.

Gabriel alivuta daftari. Akapitisha kidole mstari kwa mstari, midomo ikicheza bila sauti. Kidole kikasimama.

"Na huu? Mwezi wa tatu. Msiba wa Buswahili."

"Huo ni wa baba," alisema Enos. "Huo peke yake ni wa kweli."

Nje pikipiki ilipita, ikaenda zake. Gabriel alikuwa bado ameweka kidole pale pale.

"Umemweka baba yetu katikati ya magunia yaliyooza," alisema. Hakupaza sauti. "Juu yake uongo, chini yake uongo."

"Ndiyo, kaka."

"Kwa nini hukuandika tu ukweli?"

"Niliandika. Mara ya kwanza kabisa. Niliandika, jaribio limeharibika, magunia sita. Ukalisoma kwa sauti mbele ya vijana wote. Ukasema Enos amepika ugali wa mawe. Wakaniita Bwana Ugali mwaka mzima, hata muuza chai. Baba alikuwepo, alicheka na yeye. Nikaona heri mtu afe."

Gabriel aliondoa kidole kwenye ukurasa.

 Mama Luhende akasema kwa upole, lakini bila kulegeza, "Enos, kuandika kisichokuwepo ni kosa, hata kama hukuiba. Uongo huu umewaumiza ninyi wenyewe. Ungeweza kuwa wa kukwepa kodi, na hapo mngekutana na faini na kesi. Msirudie. Sasa niambie, risiti za mashudu unazo?"

"Zipo. Nilizifichaga kwenye kopo la rangi."

"Zinatoka kwenye mashine ya risiti, sio za kuandikwa kwa mkono?"

"Ndiyo, mama. Na za umeme zipo. Ila muhogo nilinunua kwa wakulima kule nyumbani. Wale hawana mashine."

"Wakulima rudi kwao. Andika jina, namba ya simu, kilo na bei, watie sahihi. Hesabu za mwaka uliopita bado hatujazipeleka, tutaziandika upya kwa ukweli. Za mwaka juzi tutaomba kuzirekebisha, lakini siwaahidi. Pasipo ushahidi wanakataa, na wana haki ya kukataa."

Gabriel aliuliza, macho bado yakiwa kwenye daftari, "Serikali inapata nini ikituachia hiyo milioni tatu?"

"Swali la mkurugenzi hilo. Haiwapi zawadi. Inasema tu kwamba shilingi uliyoitumia kutafuta njia bora, sitaihesabu kuwa faida yako. Nyie bado mnabeba sabini katika kila mia. Kodi inawapunguzia uzito wa thelathini. Mkifaulu, mtauza zaidi, mtaajiri zaidi, na kodi ya miaka ijayo itakuwa kubwa. Sasa fikiria nchi inayotoza kodi hata kwenye majaribio. Nani atajaribu? Kila kiwanda kitatengeneza kile kile cha zamani, na Bernado ataendelea kununua chakula cha nje."

"Na mwaka tukipata hasara?"

"Hasara inaweza kubebwa kwenda miaka inayofuata, kwa masharti yake. Na gharama ya mashine haikatwi yote kwenye faida kwa mwaka mmoja. Inakatwa kidogo kidogo, kadiri inavyochakaa. Na kila mwaka ulizeni upya, maana sheria za kodi hubadilika bungeni."

"Pastory pale jirani yetu anatengeneza majiko," alisema Enos. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuliza kitu. "Na yeye anajaribujaribu. Anapunguziwa?"

"Ana kampuni?"

"Hana. Analipa kwa makadirio."

"Mfanyabiashara mdogo anayelipa kwa makadirio, kodi yake inatazama mauzo tu. Gharama hazitazamwi. Ni rahisi, hahitaji mtu kama mimi. Lakini jaribio lake analibeba lote mwenyewe. Ndiyo maana namna ya kutoza kodi inaweza kumfanya mtu ajaribu, au aogope kujaribu. Mwambie aje tuongee."

*

Walirudi na pikapu. Walipofika Makutano, Gabriel hakunyoosha kwenda Bunda. Akakata kushoto kuelekea Buswahili. 

Mama yao alikuwa anamenya muhogo uani. Aliwatazama nyuso, akasema, "Mmegombana."

"Tumeongea, mama," alisema Gabriel.

"Mmekula?"

"Bado."

"Basi hamjaongea, mmegombana. Kaeni."

Lakini hawakukaa kwanza. Gabriel alitembea mpaka kwenye kaburi la mzee, nyuma ya nyumba, Enos akamfuata hatua kadhaa nyuma. Saruji ilikuwa bado haijashika rangi ya mvua. Gabriel alivua kofia.

"Leo nimekasirika sana, Enos. Nilitaka kukuacha pale Musoma upande basi."

"Najua."

"Lakini tangu tumetoka pale nawaza kile ulichosema. Ugali wa mawe. Mimi hata nilikuwa nimesahau." Akasafisha koo. "Mimi nilisahau siku hiyo hiyo, na wewe umeibeba miaka miwili. Nilikufundisha kuficha, halafu leo nashangaa umeficha."

Enos alilia. Hakulia siku ya mazishi, alikuwa anahesabu viti na kutafuta turubai. Alilia sasa, akiwa amesimama, mikono imelegea, na kaka yake akamwacha alie bila kumwambia anyamaze.

Baadaye, wakiwa wanakula, Gabriel alitoa simu akampigia mtu wa Mwanza.

"Usije Jumamosi," alisema. "Hapana, sio bei. Mashine bado ina kazi."

Akakata simu, akamgeukia Enos.

"Mwaka mmoja. Kila jaribio linaandikwa siku hiyo hiyo, na mimi nalitilia sahihi, lililofaulu na lililoharibika. Nikicheka mbele ya vijana, unifunge nje ya geti."

"Na nguruwe?" aliuliza mama yao, ambaye alikuwa anajua zaidi ya walivyodhani. "Mimi nitawalisha nini?"

"Na nguruwe wataandikwa, mama. Kilo kwa kilo."

*

Walinunua daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila jaribio lilipewa namba na ukurasa wake. Juu waliandika tarehe na swali wanalolitafutia jibu. Chini yake walipanga vipimo, moto, saa za umeme na majina ya waliofanya kazi. Mwisho waliandika kilichotokea. Risiti zilibandikwa ukurasa huo huo. Enos alienda Buswahili wiki mbili mfululizo akitafuta sahihi za wakulima wa muhogo. Mmoja alikataa mpaka anywe naye chai, mwingine alisema hakumbuki kuuza muhogo wowote, na gharama hiyo ikapotea.

Sehemu kubwa ya gharama za mwaka uliopita ilikubaliwa. Za mwaka juzi zilikataliwa, maana risiti zake hazikuwa kwenye kopo, zilikwisha kuliwa na panya. Hiyo kodi iliwauma, na walijua nani wa kumlaumu.

Kodi iliyopungua haikwenda kwenye pikapu mpya, ingawa Gabriel aliiwaza pikapu kwa siku tatu nzima. Walimwajiri Gody, binti aliyesomea ufugaji wa samaki. Siku yake ya kwanza alisoma daftari lote la majaribio tangu ukurasa wa kwanza. Akainua kichwa.

"Jaribio la nne na la kumi na moja mlikosea kitu kimoja," alisema. "Mlipika muhogo ukiwa na maji mengi. Ule wa nne mkauongezea moto, ule wa kumi na moja mkauongezea mashudu. Hamkuwahi kuukausha zaidi."

Enos na Gabriel walitazamana. Kurasa mbili zilizoharibika, zikisomwa pamoja na mtu mmoja, zilikuwa zimesema jambo ambalo kila moja peke yake haikulisema. Zingekuwa bado ni msiba wa Balili na msiba wa Guta, Gody angesoma nini?

Waliukausha muhogo siku mbili zaidi. Katika jaribio la ishirini na mbili punje zilipasuka. La ishirini na tatu lilielea kwa dakika nne. Gabriel alitia sahihi yote mawili.

La ishirini na sita walilipeleka Musoma, kwenye vizimba vya Bernado. Ziwa lilikuwa tulivu, maji yana rangi ya bati. Bernado alishika ndoo, akainusa.

"Harufu ni ile ile, nashukuru hamjaiharibu," alisema, akamwaga.

Punje zikatawanyika juu ya maji. Gody aliangalia saa. Dakika tano zilipita. Sato wakaanza kuja juu, kwanza mmoja mmoja, kisha maji yote ya kizimba yakachemka kwa midomo. Dakika kumi na tano. Punje zilizobaki zilikuwa bado zinayumba juu, na samaki walikuwa wanazifuata hadi pembeni ya wavu.

Bernado aliinama, akachungulia chini kwa muda mrefu, kule ambako kwa miaka mingi chakula kilikuwa kinapotelea.

"Sioni kitu," alisema.

"Ndiyo, huoni kitu," alisema Enos.

"Basi nileteeni tani moja. Tukiwavuna samaki hawa, tutaongea tena."

Enos alifungua daftari kwenye goti lake, akaandika muda ambao punje zilielea, dakika ishirini na mbili, na uzito wa ndoo. Kisha akampa kaka yake kalamu. Gabriel alisoma ukurasa wote, taratibu, neno kwa neno, ndipo akatia sahihi.